Prosesa Mbili na Mvua ya Dakika Kumi na Nne

Bagamoyo, Jumatano, mwezi wa nne. Mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke.

Masika yamechelewa. Tangu asubuhi anga ni nyeupe kama bati jipya na joto limekaa mahali pamoja, halisogei. Naandika baada ya sala ya alasiri, katika chumba ambacho dada yangu Zuhura amekipaka chokaa kwa ajili yangu. Mlango uko wazi. Nje barazani wanawake wanacheka, na ninajua wanachokicheka. Nitafika huko.

Kwanza niseme kilichonileta, maana wachache mnaosoma ukurasa huu mmenizoea nikiandika kutoka Muskati. Nina miaka sitini na minane. Mke wangu amefariki. Kazi yangu ya ukarani wa vipimo bandarini imekwisha, na mwanangu ana maisha yake katika nchi ya tatu. Mwanzoni mwa mwaka Zuhura aliniletea ujumbe: rudi nyumbani, chumba kipo, uzeeke na wenzio. Nikamjibu kwamba nitakuja wiki tatu, nitazame, kisha nitampa jibu langu mdomo kwa mdomo. Wiki tatu zimekwisha. Kesho kutwa naondoka, ama nisiondoke. Jibu amelitaka leo.

Nilikuja na mizigo miwili ambayo si ya zawadi. Mmoja ni laptop yangu. Mwingine ni kaseti.

Vijana hawatajua, kwa hiyo nieleze. Miaka yangu ya mwanzo Muskati hatukuandikiana barua sana, tulitumiana kaseti. Msafiri aliibeba mfukoni, imeviringishwa kwenye kitambaa. Huku nyumbani watu walikaa mbele ya redio kwa daraja, mama kwanza, kisha mkubwa, kisha mdogo. Kila mmoja alitoa salamu, akataja waliozaliwa na waliokufa, akalia kidogo, akampisha mwenzake. Kaseti ninayoizungumzia ni ya mwaka wangu wa sita, na ndiyo ya mwisho yenye sauti ya mama. Mwaka uliofuata alifariki, nami sikuja kumzika.

Mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili.

Katika kaseti hiyo mama anazungumza kwa muda wa dakika sita. Ananiita jicho lake moja. Ananiambia rudi, mara nne. Analia. Kisha anaondoka kwenda kumwita Zuhura jikoni, na kabla Zuhura hajaja kutoa salamu zake, kuna dakika kumi na nne za mvua. Mvua ya masika juu ya bati, nzito, bila kupumzika. Mwenye redio alikuwa jirani. Aliwabonyezea vitufe viwili kwa pamoja, akawaonya wasiguse kitu, akaenda msikitini. Nao hawakugusa.

Muskati mvua ni habari ya kusimuliana wiki nzima. Kwa miaka thelathini na mitano nimeisikiliza mvua ile nikiwa kitandani, nikiwa na homa, mke wangu alipokufa. Nilijua kila mahali inapoongezeka na kila mahali inapolegea. Nilijiambia kwamba mama aliiacha makusudi, kwamba alijua nitaihitaji.

Chini yake kulikuwa na kitu. Mnong'ono, kama watu wanaozungumza nyumba ya tatu. Ukiongeza sauti, mvua nayo inaongezeka, na mnong'ono unabaki palepale.

Sasa nizungumzie laptop, kwa kuwa leo ilikuwa siku yake.

Ina umri wa miaka kumi na mitatu. Prosesa yake, ambayo ndiyo ubongo wa kazi, ina viini viwili. Kiini kimoja ni kama karani mmoja anayeweza kupiga hesabu peke yake, hivyo yangu ni ofisi ya makarani wawili. Mwendo wake ni gigahezi mbili na nusu, yaani mapigo bilioni mbili na nusu kila sekunde, na imetengenezwa isile zaidi ya wati thelathini na tano. Hilo la wati ndilo watu husahau. Prosesa ya laptop hutengenezwa kwa ajili ya mtu asiyekaa. Inatakiwa iridhike na umeme mchache, iishi ndani ya sanduku jembamba, isimchome mwenye nayo mapajani, na ikipata joto ijipunguze mwendo yenyewe. Kujipunguza ndiyo akili yake kubwa.

Yangu imejipunguza mpaka imekwisha. Feni imeziba kwa mchanga. Dawa ya kupitisha joto, ile inayopakwa juu ya prosesa, imekauka ikawa unga. Betri imekufa, kwa hiyo haiwezi tena hata lile jambo moja ambalo laptop iliumbwa kwalo, kuondoka ukutani.

Miaka miwili iliyopita niliihamishia kaseti ndani yake na kupata programu ya kutenganisha sauti. Programu hizo husikiliza rekodi, zikabagua kipi ni kelele na kipi ni binadamu, kisha zikaondoa kelele. Nilipima kama nilivyozoea kupima kila kitu. Dakika moja ya sauti iliichukua dakika kumi na moja. Dakika kumi na nne zingeichukua saa mbili na nusu na zaidi kidogo, kama ingevumilia. Haikuvumilia. Mara ya kwanza ilifika asilimia thelathini na moja ikazimika kwa joto. Mara ya pili niliiweka juu ya trei ya barafu, ikafika arobaini na nne. Mara ya tatu niliizima mwenyewe.

Nikaandika hapahapa, wengine mnakumbuka, kwamba prosesa ya zamani imeninyima sauti ya mama yangu. Mlinipa pole. Nilizipokea.

Zuhura ana mjukuu anayeitwa Mwanahamisi, kwa kifupi Mwana, mwanamke wa miaka ishirini na tisa mwenye ofisi ya kuhariri video za harusi mtaa wa pili kutoka hapa. Kwa kuwa ni mjukuu wa dada yangu, mimi ni babu yake, na kwa utani wetu ni mke wangu, na mke wa namna hiyo ana ruhusa ya kusema lolote. Leo saa nne asubuhi nilikwenda kwake na laptop kwapani.

"Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba, mke wangu."

Akaitazama laptop. "Na maiti huyu wa nani? Mbona hujamkosha?"

Nikamwambia hiyo ndiyo kompyuta niliyomsimulia.

"Toba! Mie nilidhani sinia la mkate wa kumimina." Akaipima uzito kwa mkono mmoja. "Babu, hii ukimrushia mwizi unafungwa wewe."

Akaiwasha. Akatoka, akaenda dukani kununua maji, akasalimiana na watu njiani, nikamsikia. Akarudi, bado inafunguka. Akavuta kiti akakaa mbele yake, akaweka mkono shavuni kama mtu aliyeko matangani. Feni ikaanza kukoroma.

"Inaongea," akasema. "Inaomba maji. Sema shahada, bibi, usiogope."

Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka pia kwa sababu aliyekuwa akichekwa si mimi, au nilidhani hivyo.

Mashine yake ni sanduku jeusi lililosimama chini, kimo cha goti, lina kioo ubavuni na taa za rangi kama gari la bibi harusi. Ameniorodheshea sifa zake jinsi mtu anavyotaja ukoo. Viini kumi na sita. Gigahezi tano na nusu ikisukumwa. Inaruhusiwa kula wati mia moja na sabini na hakuna atakayeiuliza, na inapozwa kwa maji yanayozunguka kwenye mirija. Ndani ya prosesa kuna ghala dogo la kuwekea vitu vinavyohitajiwa mara kwa mara, nalo ni kubwa zaidi ya mara ishirini kuliko la kwangu.

Nilimwomba kitu kimoja. Azime kadi ya picha, ile inayoisaidia prosesa kupiga hesabu, ili prosesa ifanye kazi peke yake.

"Babu, unataka kunipiga huku umenifunga mkono mmoja?"

"Nataka mkono mmoja kwa mkono mmoja. Vinginevyo si kipimo."

"Haya. Utazikwa na haki yako."

Akaizima. Tukaziwekea zote mbili faili lile lile, dakika zile kumi na nne, programu ile ile. Tukabonyeza pamoja.

Dakika ya nne sanduku lake likalia kama kengele ya baiskeli. Limemaliza. Laptop yangu ilikuwa asilimia mbili na nusu, na kibodi imepata moto kiasi kwamba huwezi kuweka kidole.

Niliandika hesabu kwenye bahasha, na nitaiweka hapa kwa wanaopenda. Yake imefanya kazi kwa kasi ya mara thelathini na nane ya yangu. Ukitazama mwendo wa mapigo peke yake, tofauti ni mara mbili na kidogo tu, na watu wengi huishia hapo wakadhani wameelewa. Zidisha kwa nane, kwa sababu ya viini. Zidisha tena kwa mbili na kidogo, kwa sababu pigo moja la prosesa ya leo hufanya kazi kubwa kuliko pigo moja la zamani. Hesabu inakaa sawa karibu kabisa.

Lakini nimwonye anayefanya mlinganisho huu nyumbani kwake. Ukilinganisha laptop ya zamani na mashine ya mezani ya leo, unalinganisha mambo mawili kwa mpigo, umri na makazi. Laptop mpya kabisa nayo ingeachwa nyuma na sanduku lile, kwa sababu sanduku halina safari. Limekaa. Linalishwa na ukuta, lina nafasi ya kupumua, lina maji yake. Hakuna aliyelidai liwe jepesi.

Zuhura alifika wakati huo na chakula cha mchana, wali na papa mkavu wa nazi, kwenye vyombo vilivyofungwa kwa kanga. Ana miaka sabini na miwili na anatembea kwa kasi kuliko mimi. Akauliza tunafanya nini. Mwana akamwambia, "Tumemsafishia bibi mkubwa sauti yake. Kaa usikie."

Sikusema asikae. Nilitaka awepo. Nilitaka dada yangu asikie jinsi nilivyoitunza sauti ya mama yetu miaka yote hii. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, na ninaiandika kama ilivyokuwa.

Mwana akabonyeza.

Mvua haikuwepo.

Sijui niliandike vipi jambo hilo. Mahali pake palikuwa pakavu. Na katika ukavu ule mama yangu alikohoa, akavuta kiti, akasema wazi kabisa kama mtu aliye upande wa pili wa meza:

"Haya, nimemaliza. Koo limekauka."

Zuhura wa miaka thelathini na saba akajibu: "Leo umelia vizuri, mama. Mpaka mie huko jikoni nimetaka kulia."

"Nifanyeje? Nisipolia atasema hatumpendi."

"Hebu rudia ile ya jicho moja."

Mama akarudia. Akaivuta, akaitetemesha sauti, "Jicho langu mojaaa," na wote wawili wakaangua kicheko. Ni kicheko cha mama ambacho nilikuwa nimekisahau. Kinaanzia puani.

"Lakini umemwambia arudi mara nne," Zuhura akasema. "Usizidishe, mama, asije akarudi kweli."

"Toba! Arudi afanye nini? Yule tangu mdogo mkono wake mlaini. Ukimpa samaki ampare, anampima kwanza kwa rula."

Kicheko tena. Kitu kilianguka, sufuria nadhani.

"Na akija?"

"Akija nitalia. Si ndiyo kazi yangu?" Kisha akaendelea, bila kicheko sasa, kwa sauti ya mtu anayechambua mchele: "Mtoto wa kukaa naye mie ninaye, ni wewe. Yule nilimzaa wa kusafiri."

Kisha wakazungumza juu ya mchuzi, ukosefu wa ndimu, na mke wa mwenye redio ambaye walimwona mvivu. Dakika nyingi za mchuzi. Mwishoni Zuhura akasogea karibu, akasafisha koo, na ikaja ile salamu ninayoijua kwa moyo: kaka yangu mpenzi, tunakungoja usiku na mchana, nyumba haina nuru.

Nikaelewa walivyokosea. Walidhani redio hunasa kile tu kinachosemwa mbele ya matundu yake, kama simu. Ukisogea hatua tatu, umetoka. Walisogea hatua tatu.

Mwana alikuwa ameweka mkono mdomoni. Hakuwa na utani.

Zuhura alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Mama huyo!" akasema. "Wallahi mama huyo! Mama kabisa! Mwana, rudisha, rudisha pale anapocheka."

Mwana akanitazama. Nikamwambia arudishe.

Tuliisikiliza mara tatu. Dada yangu alishika ukingo wa meza na kuinamisha kichwa kuelekea spika kama mtu anayeota moto. Miaka thelathini na minne hajamsikia mama akizungumza, na kwenye zile dakika sita za kilio, aliniambia, hakumtambua kamwe. "Ile si sauti yake. Ile ilikuwa sauti ya kaseti. Hii ndiyo yake."

Ilikuwa kweli. Sauti niliyokuwa nayo mimi miaka yote haikuwa yake.

Nikamuuliza kama anakumbuka siku ile.

"Siku hiyo sikumbuki," akasema. "Kila kaseti tulikuwa hivyo. Tulikuwa tukifurahi sana siku za kaseti. Ungekuwepo ungecheka mpaka ulie."

"Mlikuwa mkinicheka mimi."

"Tumcheke nani tena? Wewe ndiye uliyekuwa mbali." Akafungua vyombo, akanipakulia wali, akaniwekea kipande kikubwa cha papa kwa kuwa mimi ni mgeni. "Kula, umepoa."

Nilikula. Kilikuwa kitamu.

Sasa naandika jambo ambalo halipo katika hesabu ya bahasha.

Laptop yangu ingeweza.

Dakika moja iliichukua dakika kumi na moja, na joto lilipanda baada ya nusu saa. Mtoto yeyote angeona cha kufanya. Ningeikata rekodi vipande kumi na vinne, nikaifanyisha kipande kimoja, nikaiacha ipoe, nikaifanyisha kingine. Siku moja ingetosha, na muda wa kusoma gazeti ungebaki. Miaka thelathini nimegawa shehena za meli katika matangi ili kuzipima kwa sehemu. Ndiyo kazi iliyonilisha. Siwezi kudai sikujua kugawa.

Nilijua tangu mara ya kwanza ilipozimika. Mara ya tatu, nilipoizima kwa mkono wangu, ilikuwa imefika asilimia hamsini na sita na haikuwa na moto sana. Nilikuwa nimeanza kusikia kitu kinachofanana na kicheko kwenye sehemu iliyokwisha kusafishwa, nikabonyeza kitufe, nikaja kuwaandikia ninyi kwamba mashine imenishinda.

Prosesa ya zamani haikuninyima kitu. Ilinisitiri.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize. Mimi nami nilituma kaseti. Katika kila moja nilisema mwakani, inshallah. Nililia, nilikuwa na uwezo mzuri wa kulia. Kisha nilibonyeza kitufe, nikavaa viatu, nikaenda kula nyama ya kuchoma na wenzangu wa bandarini, na tukazungumza juu ya mpira. Mwaka aliokufa mama nilikuwa na likizo ya siku kumi na nne. Nilisema makaratasi yamechelewa. Makaratasi yalikuwa mezani. Tofauti yangu na mama ni moja tu: mimi nilijua kuzima mashine.

Mwana amemwekea Zuhura rekodi kwenye simu, ile iliyosafishwa. Kufikia adhuhuri Bi Mosi, jirani wa ukuta mmoja, alikwisha kusikia. Baada ya hapo wakaja wawili wa nyumba ya kona, waliokuwa wakimjua mama. Nilipokuwa nikirudi kutoka msikitini alasiri nilikuta baraza imejaa, na simu imeegemezwa kwenye kikombe katikati yao.

Bi Mosi ndiye aliyeniona kwanza. "Shikamoo, mzee usiyetakiwa!"

"Marahaba," nikasema, kwa kuwa ndivyo mtu anavyojibu.

"Samaki wetu wa leo tumekuwekea, lakini rula hatuna!"

Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Hawana ubaya. Wanamcheka mtu waliyezoea kumcheka, na niseme kwamba katika wiki tatu nilizokaa hapa hiyo ndiyo mara ya kwanza waliyonisemesha kama mwenzao. Kabla ya hapo walinipa kiti cha kuegemea na kunyamaza.

Nilikaa nao kidogo. Simu ikarudiwa. Mama akalia jicho langu mojaaa, baraza ikalia naye. Nikachunguza uso wangu kwa ndani, kama mtu anayetafuta jino bovu kwa ulimi, nione kama nina hasira. Sikuiona. Hasira ningeifurahia. Hasira ni jambo la mtu wa nyumbani.

Walipokwenda kutawadha, Zuhura akabaki. Akakunja mkeka, akakaa juu yake.

"Haya, mdogo wangu. Jibu langu."

"Dada, unanitaka?"

Hakujibu haraka, na ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa salamu zote za kaseti. Alitazama mikono yake. Kisha akasema:

"Nakutaka kama mtu anavyomtaka mgeni mwema. Nitakupikia. Ukiugua nitakuosha. Ukifa nitakuzika vizuri, na watu watasema Zuhura amemzika kaka yake. Zaidi ya hapo sina, sikujui. Ukitaka nikulilie, lete redio."

"Redio sinayo."

"Basi ndiyo hivyo."

Nilikuja nikidhani kuna mahali nilipopaacha wazi nilipoondoka, na kwamba pamebaki wazi, pananingoja kwa vipimo vyangu. Hapakuwepo. Pangekuwepo ningepaona, mimi ni mtu wa kuona nafasi tupu ndani ya tangi kwa kugonga ubavu. Walipaziba siku ile ile niliyoondoka, kwa mchuzi na kicheko na kazi, kama watu wenye akili wanavyofanya. Nani angekaa miaka arobaini na moja na shimo katikati ya nyumba?

Nikamwambia kwamba sibaki.

"Haya," akasema. Hakulia. Akasimama kwa kushika goti. "Basi chumba nampa Mwana. Ofisini kwake anabanana na maharusi."

Akaingia ndani. Baada ya muda nikamsikia akimwita Mwana aje apime ukuta.

Nimeandika mpaka hapa nikisikia vicheko vya nje, maana wamerudi tena. Sijui kama nitaendelea na ukurasa huu. Mlionipa pole miaka miwili iliyopita, nazirudisha pole zenu. Sikuzistahili.

Naondoka kesho kutwa saa kumi na mbili asubuhi. Sitarudi.